Nyumba Njema si Mlango: Ukarabati wa Majumba ya Ghorofa ya Dar es Salaam ya Katikati ya Karne ya Ishirini

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, wakamtaka mgeni afungue na kuingia ndani kabla ya kutoa hukumu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ndiyo msingi wa hifadhi ya mambo ya kale Tanzania Bara, ilishika njia nyingine. Kwa mujibu wa sheria hiyo, jengo huhesabiwa kuwa ukumbusho wa kale ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863, na mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki hulindwa ikiwa ulichongwa kabla ya mwaka 1940. Majengo mengine hupata ulinzi pale tu Waziri anapoyatangaza. Hivyo mlango wa mwaka 1930 una mlinzi hata kama nyumba yake imekwisha kuanguka, ilhali nyumba ya ghorofa iliyojengwa mwaka 1955 haina ulinzi wowote unaotokana na umri wake.

Mhadhara huu unahusu nyumba za namna hiyo ya pili: majumba ya ghorofa mbili, tatu au nne yaliyojengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam baina ya Vita Kuu ya Pili na mwisho wa miaka ya 1960, yenye duka chini na makazi juu. Wengi huyapita katika mitaa ya Jamhuri, Libya, Zanaki na Indira Gandhi bila kuyatazama, kwa kuwa hayana nakshi za Mji Mkongwe wala vioo vya minara mipya. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ubunifu wa asili wa majumba haya haumo katika sura yake tu, bali umo hasa katika namna yanavyoshughulikia jua, upepo, mvua na watu wanaoishi pamoja. Kuuheshimu ubunifu huo katika ukarabati, basi, si kuililia zamani. Ni kuifanya nyumba iweze tena kufanya kazi iliyojengewa.

Kutoka boriti hadi nondo

Nyumba ya mawe ya pwani, iwe ya Lamu au ya Unguja, ilitawaliwa na mti mmoja. Dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haibebi dari nzito ya mawe na chokaa kwa urefu mkubwa, upana wa chumba haukuzidi sana meta tatu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, na hufuatana kimoja nyuma ya kingine kutoka sabule hadi ndani. Zege lenye nondo lilivunja mpaka huo. Chumba kiliweza kuwa kipana, kona ya jengo ikaweza kuviringwa, na roshani ikaweza kutokeza juu ya njia ya waendao kwa miguu bila kushikiliwa na nguzo.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha saruji hadi mwaka 1966, kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza uzalishaji. Kabla ya hapo saruji iliagizwa kutoka nje. Aliyejenga ghorofa mwaka 1950, kwa hiyo, hakumwaga zege ovyo. Bamba lililotokeza juu ya dirisha lilikuwa limelipiwa, na halikuwekwa pale kwa pambo.

Mahali pa majumba haya palikwisha kuamuliwa na siasa ya ukoloni. Utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, uliugawa mji kwa kanuni za ujenzi ambazo kwa vitendo ziliugawa kwa rangi za watu, na lugha ya mji ikaupa kila upande jina lake: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mpango wa mji wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, ulikuta mgawanyo huo umekwisha kukita mizizi. Uhindini ndiko kulikokuwa na maduka, na ndiko majumba yanayozungumziwa hapa yalikoota. Hayawezi kusifiwa kwa ukamilifu bila kukumbuka kwamba wengi wa waliochanganya zege lake walirudi jioni Kariakoo na Ilala, katika upande wa mji ambao kanuni ziliupangia nyumba za namna nyingine.

Hata hivyo, ni makosa kuyaita majumba ya kigeni. Miongoni mwa wabunifu wa kipindi hicho alikuwamo Anthony Almeida, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1921, akasomea ubunifu wa majengo mjini Mumbai, kisha akarudi kufanya kazi katika mji wake hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2019. Mafundi, wenye nyumba na wapangaji walikuwa watu wa mji huu. Na ukiutazama mpangilio wa nyumba yenyewe utaona mazoea ya mji huu yamepandishwa ghorofani. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele kwa ajili ya wageni na mazungumzo, ukumbi katikati, na ua nyuma kwa ajili ya jiko, maji na shughuli za ndani. Katika jumba la ghorofa la Uhindini, kwa kawaida roshani hutazama mtaa kama baraza, sebule hufuata, na nyuma hupatikana ujia wazi wenye jiko na mahali pa kufulia, unaotazama ua wa pamoja. Mpaka baina ya mbele na nyuma, yaani baina ya mgeni na wa nyumbani, haukufutwa na zege.

Nyumba kama chombo cha hewa

Katika miaka ya 1950 ujenzi wa nchi za joto ulikuwa umeanza kufundishwa kama taaluma. Mwaka 1954 idara maalumu ya fani hiyo ilianzishwa katika chuo cha Architectural Association mjini London, na mwaka 1956 Maxwell Fry na Jane Drew walichapisha kitabu chao juu ya ujenzi katika nchi za joto na unyevu. Taaluma hiyo ilikuwa na kasoro zake, mojawapo ikiwa kuzungumzia joto na mvua kana kwamba hakuna watu waliokwisha kuishi navyo kwa karne nyingi. Lakini kanuni zake za msingi zilikuwa sahihi, na mvuvi au nahodha wa pwani asingezishangaa.

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na katika miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Katika nyakati zote mbili huwa juu, na bamba la zege linalotokeza kidogo juu ya dirisha hutosha kulizuia. Jua la asubuhi na la alasiri halizuiliki hivyo, kwa kuwa huja kwa chini na kupenya ndani ya chumba. Ndiyo maana ukuta unaotazama magharibi hupewa mbawa za zege zilizosimama wima, au roshani yenye kina, au ukuta wa matofali ya matundu. Tofauti hizo baina ya upande mmoja na mwingine wa jengo lile lile si uchu wa mbunifu wa kubadilisha mitindo. Zinasomeka kama dira.

Upepo nao una majira yake. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma katika miezi ya katikati ya mwaka. Nyumba ya mpango huu huupokea upepo kupitia roshani, huupitisha juu ya milango ya ndani kwenye vidirisha visivyofungwa, na huutoa kwenye ujia wa nyuma. Ngazi ya pamoja, ambayo mara nyingi imezungushiwa matofali ya matundu, hufanya kazi ya bomba: hewa ya moto hupanda humo na kutoka juu. Sakafu ya terazo, yaani vipande vya mawe vilivyochanganywa na saruji na kusuguliwa hadi kung'aa, hubaki baridi chini ya mguu na huoshwa kwa maji. Ukiziba kiungo kimoja tu katika mfumo huu, vingine vyote hudhoofika.

Nani mwenye ngazi?

Kama mfumo huu ulikuwa mzuri, kwa nini umeharibika katika nyumba nyingi kiasi hiki? Jibu la kwanza linalotolewa ni kwamba watu hawakujua thamani yake. Historia ya umiliki inatoa jibu lililo zito zaidi.

Hadi mwaka 1971 majumba mengi ya eneo hili yalikuwa mali ya familia. Mwenye nyumba aliuza duka chini, akaishi juu, akapangisha ghorofa zilizobaki. Bomba likivuja, lilimvujia yeye. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majumba yaliyopangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jumba lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi halikulipiwa fidia. Katika fikra za Azimio la Arusha, kodi ya nyumba ilikuwa njia ya kuishi kwa jasho la mwingine, na kwa wapangaji wengi wa Kiafrika hatua hiyo ilifungua milango ya katikati ya mji iliyokuwa imefungwa kwa miongo kadhaa. Kwa familia nyingi za Kihindi ilikuwa sababu ya kuondoka nchini. Kauli zote mbili ni za kweli, na hakuna ukarabati unaoweza kuchagua kukumbuka moja na kusahau nyingine.

Majumba yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba hadi mwaka 1990, shughuli zake zilipounganishwa na zile za Shirika la Nyumba la Taifa. Kodi ilikuwa ndogo, na fedha za matengenezo zilikuwa ndogo vilevile. Katika hali hiyo mpangaji alitengeneza kile kilichokuwa chake pekee, yaani ndani ya mlango wake, hasa kama alikwisha kutoa kilemba ili aupate. Paa, ngazi, mabomba ya maji machafu na ukuta wa nje vilikuwa vya wote, na kwa hiyo havikuwa vya mtu. Ikumbukwe kwamba hivyo ndivyo viungo ambavyo mfumo wa hewa na maji wa nyumba nzima unavitegemea.

Kuanzia miaka ya 1990, uchumi ulipofunguliwa, shinikizo liligeuka. Kiwanja kikawa na thamani kuliko nyumba iliyosimama juu yake, na kwa njia ya ubia majumba kadhaa yalibomolewa ili kupisha minara. Nyumba iliyopuuzwa kwa miaka ishirini ilionekana mbovu kwa asili yake, na ubovu huo ukawa hoja ya kuibomoa.

Ukarabati unaoharibu

Majumba yaliyobaki hayakuachwa bila kuguswa. Mengi yamekarabatiwa, tena kwa fedha nyingi, na mara nyingi kila hatua ya ukarabati ilikuwa na sababu ya haki. Roshani ilizibwa kwa vioo kwa kuwa familia iliongezeka na chumba kilihitajika. Madirisha ya chuma yaliyoliwa na kutu yaling'olewa, yakawekwa ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hufunguka nusu tu. Vidirisha vya juu ya milango vilizibwa ili kiyoyozi kisipoteze ubaridi. Matofali ya matundu ya ngazi yalizibwa kwa hofu ya wezi. Terazo ilifunikwa kwa vigae kwa kuwa ilikuwa imefifia. Kila mmoja alitatua tatizo lake. Nyumba nzima ikawa ya moto na giza, na kiyoyozi ambacho mwanzoni kilikuwa anasa kikawa cha lazima. Umeme ukikatika, wakazi hukaa katika nyumba isiyoweza kupumua.

Hatari nyingine haionekani kwa haraka. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hupenya katika zege hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege lililo juu yake hupasuka na kudondoka. Fundi anayepiga lipu juu ya ufa huo huuficha ugonjwa, wala hauponyi. Inapasa zege bovu libomolewe hadi chuma kizima kionekane, kutu isuguliwe, nondo iliyokonda iongezewe nguvu, ndipo sehemu hiyo ijazwe upya. Mbinu za Mji Mkongwe wa Zanzibar hazifai kuhamishiwa hapa bila kufikiri. Kule kosa kubwa ni kupiga saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, kwani unyevu hukosa njia ya kutokea. Huku saruji ndiyo asili, na kosa ni kuidhani ya milele.

Mwezi Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu ishirini. Msiba kama huo hukumbusha kwamba nyumba ya ghorofa ni mzigo unaoshuka kutoka bamba hadi mhimili, kutoka mhimili hadi nguzo, na kutoka nguzo hadi msingi. Anayetaka kuondoa ukuta, kuongeza ghorofa au kuchimba chini yake anapaswa kwanza kujua mzigo huo unapita wapi. Kuheshimu ubunifu wa asili ni pia jambo la uhai.

Mifano miwili

Uwezekano wa kukarabati jengo la zege bila kuipoteza maana yake si wa nadharia tu. Mfano wa kwanza uko mbali, lakini unaunganishwa na Afrika Mashariki na mtu mmoja. Ernst May, aliyekuwa msimamizi wa ujenzi wa mji wa Frankfurt nchini Ujerumani kuanzia mwaka 1925 hadi 1930, aliuongoza mradi uliojenga maelfu ya nyumba za bei nafuu, zikiwamo nyumba za safu za mtaa wa Römerstadt. Mwaka 1934 alifika Tanganyika, akalima shamba karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi ya ubunifu Nairobi. Miongoni mwa kazi alizoziacha ni jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi. Mojawapo ya zile nyumba za safu za Römerstadt imerudishwa katika hali yake ya awali na kufanywa makumbusho. Waliofanya kazi hiyo waliisoma nyumba kabla ya kuitengeneza: walifuata matabaka ya rangi hadi kuzipata rangi za mwanzo, wakairudisha jikoni ile ndogo iliyopimwa kwa hatua za mpishi, na wakakipanda upya kibustani chake. Nyumba za jirani zimeendelea kukaliwa na watu. Haikuwa lazima mtaa mzima uwe makumbusho ili ujuzi wake uokolewe. Ilitosha nyumba moja iwe kitabu cha marejeo kwa nyingine.

Mfano wa pili uko hatua chache kutoka Uhindini. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Lingeweza kubomolewa, na hoja zisingekosekana. Badala yake soko jipya lilijengwa pembeni, na jengo la zamani lenye miavuli yake ya zege likakarabatiwa. Uamuzi huo unaonyesha kwamba mahitaji mapya yanaweza kupewa nafasi mpya, bila kulilazimisha jengo la zamani kubeba yasiyolingana nalo.

Kuisoma nyumba

Kutokana na hayo, utaratibu wa busara unaweza kuelezwa kwa ufupi. Kwanza, nyumba ipimwe na kuchorwa kama ilivyo, na wakazi wa muda mrefu waulizwe upepo uliingia wapi na maji yalitoka wapi. Pili, matengenezo yaanze na vya wote: paa, mabomba, ngazi, ukuta wa nje. Tatu, kilichozibwa kifunguliwe panapowezekana, na hofu iliyosababisha kizibwe ipewe jibu jingine: wavu wa mbu na nondo nyembamba nyuma ya matofali ya matundu huzuia mbu na mwizi bila kuzuia hewa. Nne, kinachobadilishwa kifanye kazi ile ile: dirisha la aluminiamu si kosa iwapo linafunguka lote na lina vipande vya juu vya kupitishia hewa. Tano, terazo isuguliwe kabla ya kufikiriwa vigae, kwani mara nyingi mng'ao wake bado umo ndani.

Utaratibu huo unahitaji mwenye kuusimamia, na hapa sheria ya mwaka 2008 iliyoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo ina umuhimu kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa inawatambua wenye sehemu kuwa washirika katika vitu vya pamoja. Wanapokosekana watu wanaowajibika kwa ngazi, hakuna mchoro utakaoiokoa.

Taaluma za Kiswahili nazo zina wajibu wao. Lugha ina msamiati mpana wa nyumba ya mawe na nyumba ya udongo: sabule, daka, msana, boriti, baraza, uani. Nyumba ya zege imekaliwa na wasemaji wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka sabini, na majina ya viungo vyake yamo vinywani mwa mafundi, lakini hayajakusanywa kwa utaratibu. Kiungo kisicho na jina ni rahisi kuzibwa, kwa sababu hakuna anayeweza kukitetea katika mkataba wala katika kikao cha wapangaji.

Hitimisho

Majumba haya yalizaliwa katika mji uliogawanywa, yakataifishwa kwa matumaini, yakachakaa kwa kukosa mwenyewe, na sasa yanasimama juu ya ardhi inayotamaniwa. Mengine yatabomolewa, na si kila moja linastahili kutetewa. Lakini yale yanayobaki yanatoa makazi katikati ya mji kwa watu wasioweza kulipia minara, na yalibuniwa ili yakalike bila mashine. Katika mji unaozidi kupata joto na msongamano, ujuzi huo haujapitwa na wakati. Jiji likiupoteza, litalazimika kuununua upya, kwa bei ya juu zaidi, kutoka kwa watu wasiozijua kaskazi na kusi.